Fimbo haitoki, na ikitoka ina magamba: kutafuta kosa kwenye mashine ya kuviringisha na kukamua alumini

Ukiiona mashine hii kwa mara ya kwanza utadhani ni ile ya kukamulia miwa mtaani. Rola mbili zinazunguka zikikabiliana, na kitu kinaingizwa katikati yake. Tofauti iko nyuma. Kwa muuza juisi, makapi ya muwa yanatoka kwa raha upande wa pili. Hapa njia imezibwa na dai ya chuma, yaani kizibo chenye tundu la kuumbia fimbo, iliyosukumwa na silinda ya haidroliki mpaka ikabana kwenye rola zote mbili, na pa kutokea ni tundu la dai tu. Rola moja imechongwa mfuo, nyingine ina ulimi unaoingia ndani ya mfuo huo, kwa hiyo bileti, yaani kipande kirefu cha alumini kilichopashwa moto, haina pa kutanukia. Inanaswa, inabanwa, inajazana mbele ya dai, kisha inakamuliwa ikiwa fimbo.

Wazo la kuunganisha kazi hizi mbili lilitolewa na Betzalel Avitzur huko Marekani katika miaka ya 1970, muongo ule ule ambao Derek Green wa Uingereza alileta Conform, mashine ya gurudumu moja lenye mfuo. Ila waliolichukua wazo la rola mbili na kulifanyia kazi mwaka hadi mwaka ni wahandisi wa Krasnoyarsk, Siberia, mji wenye kiyeyushio cha alumini kilichoanza kazi mwaka 1964 na baadaye kikapata umeme wa bwawa la mto Yenisei. Wanaitumia kwa fimbo za nyaya za umeme, fimbo za kuchomelea, na fimbo za aloi ya titani na boroni zinazotiwa kwenye alumini iliyoyeyuka ili punje zake ziwe ndogo.

Ninayoandika hapa ni kwa fundi aliyesimama mbele ya mashine iliyogoma. Jambo moja ulishike kabla ya kugusa spana: kwenye presi ya kawaida kuna pistoni inayosukuma bileti, hapa haipo. Kinachosukuma ni msuguano wa rola peke yake. Kila tatizo linaloonekana kwa macho, liulize swali hili kwanza: msukumo umepungua, au ukinzani wa dai umeongezeka? Nimeona watu wakibadilisha aloi nzima, wakamlaumu aliyeyeyusha, kumbe dai ilikuwa baridi.

Ili hesabu zisielee hewani, tuchukue mashine ya mfano. Rola zina kipenyo cha wastani cha milimita 200: chini ya mfuo ni 170, juu ya ulimi ni 230. Bileti ni ya 20 kwa 20, urefu 600. Pale rola zinapokaribiana kabisa, nafasi inabaki 10 kwa 20, yaani milimita 200 za mraba. Fimbo inayotoka ni ya milimita 8.

Pima joto kwanza, na upime kwa kugusa

Alumini ya nyuzi 500 haiwi nyekundu. Inaonekana vile vile kama ilivyokuwa rafuni asubuhi, na ndiyo maana mikono mingi imeungua. Kwa sababu hiyo hiyo macho hayakusaidii kukadiria joto, na pairomita, kipimajoto cha kulenga kwa mwanga bila kugusa, inadanganya vibaya kuliko macho. Alumini inayong'aa hutoa mionzi kidogo sana, basi pairomita iliyopangwa kwa ajili ya chuma cheusi itakusomea joto la chini mno. Utaongeza moto kwenye tanuri huku bileti tayari inakaribia kulainika. Tumia thamokapo, kipimajoto cha nyaya kinachogusa metali yenyewe. Pima sehemu tatu: bileti ikitoka tanurini, bileti ikiwa mdomoni mwa rola, na dai yenyewe karibu na tundu. Ile ya tatu ndiyo wengi hawaipimi, na ndiyo inayosema ukweli.

Bileti haiingii, inateleza mdomoni

Hii ni hesabu ya shule. Kupunguza unene kutoka 20 hadi 10 kwa rola za 200 kunafanya pembe ya kunasa iwe nyuzi 18 hivi, na tanjenti yake ni 0.33. Maana yake msuguano kati ya rola na bileti usipofika kiwango hicho, rola zitazunguka na kuilamba bileti bila kuivuta. Alumini moto kwenye chuma kikavu inafika hapo bila shida. Kwenye chuma chenye mafuta haifiki.

Basi mara nyingi mkosaji ni mtu aliyepaka grafiti kwenye mfuo ili alumini isigande. Nia yake nzuri, lakini amekata mkono unaosukuma. Grafiti ni ya sehemu nyingine, kwenye mfuo futa kabisa. Sababu ya pili ni kichwa cha bileti kilichokatwa kwa msumeno kikabaki butu na chenye vinyweleo. Kichonge kidogo kama penseli, kitaingia. Sababu ya tatu ni rola zilizosuguliwa mpaka zikawa kioo kwa kazi ya miaka.

Wapo wanaokwangua rola kila zamu mpaka chuma kionekane. Siwaungi mkono. Utando mwembamba wa alumini ulioshika ndani ya mfuo unasaidia kunasa, na wanaotumia Conform wanautaka kabisa. Kwangua mabonge tu.

Imeingia, imefika kwenye dai, imesimama

Hapa ndipo siku nzima inapotea, kwa hiyo tukae kidogo. Dalili ni moja, magonjwa ni mawili, na dawa zake zinapingana. Kifaa cha kuyatofautisha ni ampea ya mota.

Sindano ikipanda mpaka swichi ya ulinzi inakatika, rola zimeshika vizuri na zinasukuma kwa nguvu zote, ila dai haikubali. Ukinzani ndio umezidi. Sindano ikipanda kidogo kisha ikashuka huku rola zinaendelea kuzunguka, na ukisikia mlio kama wa tairi kwenye matope, rola zinateleza juu ya bileti. Huo ni msukumo uliopungua. Ukiitoa bileti hiyo utakuta uso wake umeng'arishwa kwa mistari ya kwenda mbele.

Tuanze na ukinzani. Dai iliyowekwa ikiwa na joto la chumbani inanyonya joto la alumini kwa sekunde chache, kwa sababu alumini inapitisha joto upesi kuliko chuma. Safu ya kwanza inapoa, inakakamaa tunduni, na bileti nzima inasimama nyuma yake. Kwa aloi kama AD31 ya Warusi, ambayo kwa namba za Marekani ni 6063, pasha dai mpaka nyuzi 400 hadi 450 kabla ya kufunga, na usiiache kwenye benchi ukitafuta nati. Usivuke 500 na zaidi kwa saa nyingi, maana chuma cha H13 kinachotumika kwa dai nyingi hulegezwa kwa moto wa nyuzi 540 na kuendelea, na ukikirudisha jirani na hapo mara kwa mara, ugumu wake unaondoka.

Halafu angalia tundu. Kutoka milimita za mraba 200 kwenda fimbo ya 8 ni kupunguza eneo mara 4. Mteja akitaka fimbo ya 5, ni mara 10. Kwa macho ni tofauti ya milimita 3. Kwa mashine si hivyo, kwa sababu ukinzani unafuata logi ya uwiano huo: unapanda kutoka 1.4 hadi 2.3, yaani karibu theluthi mbili zaidi, hata kabla ya kuhesabu msuguano wa ndani ya dai. Kama mashine ilikuwa inahema kwa fimbo ya 8, kwa fimbo ya 5 itakufa. Hapo usiongeze joto la bileti kwa pupa. Tumia dai yenye matundu mawili, au anza na bileti nyembamba zaidi.

Spidi nayo ina mtego. Fundi akiona mzigo umezidi, silika yake ni kupunguza mzunguko. Kwa bileti nene inaweza kusaidia. Kwa bileti ya milimita 20 iliyobanwa kati ya rola za nyuzi 100, kila sekunde ya ziada inaipoza, na kadiri inavyopoa inakuwa ngumu. Umepunguza spidi, ukaongeza ukinzani. Mara nyingi tiba ni kusogeza tanuri karibu na rola, au kupasha rola zenyewe kabla ya bileti ya kwanza, au kuongeza spidi kidogo.

Kwa upande wa kuteleza, rudi kwenye mafuta na rola zilizong'ara. Kuna jingine linalosahaulika: maji ya kupozea rola yakimwagika ndani ya mfuo yanapoza uso wa bileti na kuvunja mshiko kwa pamoja. Elekeza maji upande wa kurudi wa rola, mbali na mdomo.

Mabawa yanatoka pembeni

Metali inatafuta njia nyepesi. Ikiona mwanya kati ya dai na rola, au kati ya ulimi na kuta za mfuo, inatoka huko ikiwa karatasi nyembamba yenye kingo kali kama wembe. Kabla ya kuongeza presha ya silinda, uliza mabawa yametokea wapi.

Yakiwa mistari miwili inayofuata kingo za bileti, kuta za mfuo zimelika, na presha ya silinda haitakusaidia chochote. Yakitoka juu na chini ya dai yakipanda kwenye uso wa rola, silinda haibani vya kutosha, au ukinzani wa dai umezidi kwa sababu tulizozitaja na metali imeamua kukimbia. Yakitoka upande mmoja tu, dai imekaa mshazari, weka shimu, yaani kibati chembamba cha kujazia.

Kuna ile ya asubuhi. Mwanya umepimwa rola zikiwa baridi, saa mbili baadaye dai inakwaruza rola. Chuma hutanuka. Rola ya 200 ikipanda nyuzi 130 inaongezeka kipenyo kwa milimita 0.3 hivi, nusu yake kila upande. Pima mwanya rola zikiwa na joto la kazi. Na jioni, zikipoa, usishangae mwanya umefunguka.

Fimbo ina nyufa za kukatiza, kama magamba ya samaki

Watu wengi huita hali hii ubaridi, wakaongeza moto, na nyufa zikazidi. Kwa kweli magamba ya kukatiza, yaliyopangana kwa umbali unaokaribia kulingana, kwa kawaida ni dalili ya moto kuzidi. Uso wa fimbo umefika mahali punje zinaanza kuachana mipakani huku dai inauvuta nyuma.

Moto huo wa ziada unatoka kwenye kazi yenyewe. Kubana metali kunazaa joto. Aloi yenye ukinzani wa megapaskali 50 ikipunguzwa eneo mara 10 inapata nyuzi 40 hivi juu ya ile iliyoingia nayo, na msuguano kwenye ukuta wa dai unaongeza nyingine juu ya uso. Kwa AD31 hilo halitishi sana, kwa sababu inaanza kuyeyuka karibu na 615. Lakini aloi ya 7075 inaanza kuyeyuka karibu na 477. Ukiiingiza kwa 450, tayari umevuka mstari ndani ya dai, ingawa tanuri linasoma vizuri na kila mtu anaapa kuwa hajakosea. Aloi ngumu za magnesiamu nyingi, kama AMg6 ya Warusi, nazo hazisamehe: ukienda haraka zinapasuka, ukienda polepole zinakwama.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kuangalia nyufa zimeanza lini. Kama mita za kwanza ni safi na magamba yanaanza baadaye, joto linapanda kadiri kazi inavyoendelea: punguza joto la bileti kwanza, spidi baadaye. Kama mita za kwanza zina nyufa kisha zinapotea, ulianza na dai baridi. Na kama bileti imepasuka kingo kabla haijafika hata kwenye dai, hilo ni la rola: bileti imepoa njiani, au ni ya kumimina ambayo haikuwekwa kwenye moto wa kusawazisha. Kwa AD31 kusawazisha huko ni nyuzi 560 hadi 580 kwa saa kadhaa. Wanaoruka hatua hiyo kuokoa gesi huilipa kwenye fimbo mbovu.

Malengelenge

Uso unavimba vijipele, hasa fimbo ikipashwa tena. Ni gesi. Alumini iliyoyeyuka inabeba hidrojeni karibu mara 20 kuliko ile iliyoganda, hivyo metali isiyosafishwa gesi kabla ya kumiminwa inaifungia ndani. Kata kipande cha bileti ambayo haijapita kwenye rola, kipashe kwenye tanuri dogo hadi 500, usubiri. Malengelenge yakitokea, kosa liko kwa aliyeyeyusha, na safari hii unaweza kumlaumu kwa haki.

Yasipotokea, gesi imeingia kwako. Huko Siberia, wakati wa baridi, bileti inatolewa uani kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri na kuingizwa karakana yenye joto. Inatoka jasho kama chupa ya soda Kariakoo. Ikienda mdomoni mwa rola na unyevu huo, mvuke unabanwa ndani ya mkunjo. Iache ndani ikauke kwanza. Mafuta yaliyobaki kwenye bileti yanafanya vile vile.

Mistari ya urefu

Fupi: dai ina bonge la alumini lililogandia, au uso wake ulioimarishwa kwa nitrojeni umechubuka. Ichemshe kwenye soda kali (caustic soda) ili alumini iyeyuke, ukiwa na miwani na hewa ya kutosha, maana inatoa hidrojeni inayoweza kushika moto. Kisha ing'arishe kwa kufuata njia ya metali, usiikatize. Usitumie bisibisi kutoa bonge. Mkwaruzo mmoja wa bisibisi utausoma kwenye kilometa za fimbo.

Fimbo inapinda ikitoka

Mashine hii haina ulinganifu tangu kuzaliwa. Rola ya mfuo inaigusa bileti pande tatu, ya ulimi inaigusa upande mmoja. Tena zikizunguka kwa mizunguko sawa, uso wa ulimi wa 230 unakwenda kasi asilimia 35 zaidi ya chini ya mfuo wa 170. Metali haifiki dai kwa mwendo mmoja juu na chini. Ndiyo sababu tundu la dai si lazima likae katikati kabisa. Wachongaji dai wenye uzoefu wanalisogeza. Kama fimbo ilikuwa imenyooka na ghafla imeanza kupinda, sababu ya kawaida ni kishikio cha dai kilicholegea, au upande mmoja wa dai uliopata baridi ya maji.

Nguvu au umeme haviridhishi maabara

Kwa AD31, fimbo inatakiwa itoke ikiwa moto, karibu na 500 au zaidi, na ipozwe kwa maji hapo hapo, kisha iivishwe kwa nyuzi 175 hadi 185 kwa saa kadhaa. Ikitoka na 430, magnesiamu na silikoni hazijayeyukiana na alumini, na kuivisha siku nzima hakutaleta nguvu.

Kwa aloi za zirkoni zinazotumika kwenye nyaya za umeme zinazofanya kazi kwa nyuzi 150 bila kulegea, malalamiko huwa kuwa umeme unapita vibaya. Hapo zirkoni bado imetawanyika ndani ya alumini badala ya kujikusanya kuwa chembe ndogo. Mashine haina kosa. Fimbo inahitaji moto wa taratibu, nyuzi 400 na kidogo, kwa saa nyingi.

Waya unakatika kwenye kuvutwa

Hili linakuja wiki mbili baadaye, kwa simu, na mteja amekasirika. Usibishane naye. Mwombe jambo moja tu: apime umbali kati ya mkatiko na mkatiko, na kwa kuwa fimbo hurefuka inapovutwa kuwa waya, aurudishe kwenye kipimo cha fimbo ya 8.

Bileti ya 20 kwa 20 kwa 600 inatoa fimbo ya 8 yenye urefu wa mita 4.8 hivi, ukitoa kidogo kwa ajili ya mabawa. Mzunguko mmoja wa rola ya mfuo unatoa mita 2.1. Mzunguko mmoja wa rola ya ulimi unatoa 2.9. Kwa kuwa rola huteleza kidogo juu ya metali, hizo mbili za mwisho tarajia ziwe fupi kuliko hesabu.

Akikwambia mita mbili kasoro, fungua mashine, tafuta ufa au shimo chini ya mfuo. Karibu mita 2.7, angalia ulimi. Akikwambia mita 4.7 na haibadiliki, pale ni maungio ya bileti na bileti: mkia wa ya kwanza na kichwa cha ya pili vimeshikana ndani ya mfuo vikiwa na kutu nyeupe, mafuta au vumbi la msumeno katikati. Piga brashi ya waya kwenye vichwa vyote viwili kabla ya kuviingiza tanurini, na usiache pengo kati ya bileti moja na inayofuata hata kama mwenzako wa tanuri ameenda kunywa chai.